Karatasi au vishimo 96?

Una dondoo la gome la muthiga, mti wa dawa, kutoka soko la Gikomba, Nairobi. Utalipimaje dhidi ya bakteria? Njia ya karatasi ni rahisi: kikaratasi cha milimita 6 kilicholoweshwa dondoo huwekwa juu ya agari (rojo la kuoteshea vijidudu) iliyopakwa bakteria wa Staphylococcus aureus, na kesho yake unapima kwa rula duara lisiloota kitu (stima isipopotea usiku). Ila viambato vya mafuta havisambai vizuri kwenye agari, kwa hiyo duara dogo laweza kukudanganya. Sahani ya vishimo 96 inataka subira na mkono usiotetemeka, lakini hukupa kiwango cha chini kabisa cha dondoo kinachozuia bakteria. Ukitia resazurini, rangi ya kuonyesha uhai, kishimo chenye bakteria hai hugeuka kutoka buluu kuwa waridi. Mimi hutumia karatasi kwa mchujo wa kwanza wa dondoo. Namba naziamini za vishimo.