Jekyll kwenye tovuti ya mapishi: uzoefu wangu

Tovuti yangu ya mapishi ya Pwani naiendesha kwa Jekyll, programu ya kujenga tovuti tuli, yaani za kurasa zinazoandaliwa kabla msomaji hajazifungua, aliyoianzisha Tom Preston-Werner mwaka 2008. Naipenda kwa sababu inatenganisha kabisa maandishi na sura ya ukurasa. Kila pishi lina faili lake ndani ya folda ya _posts, na jina la faili lazima lianze na tarehe, mfano 2024-03-15-mahamri.md. Wengi hulalamikia sharti hilo. Mimi naliona ni neema, maana mapishi ya miaka yote yanajipanga yenyewe. Yale ambayo bado nayajaribu jikoni yanakaa kwenye _drafts, hayahitaji tarehe, na msomaji hayaoni.

Utamu hasa uko kwenye violezo, yaani faili za muundo ambazo kurasa nyingi huzitumia kwa pamoja. Ndani ya _includes nina faili moja tu linalochora kisanduku cha viungo. Juu ya kila pishi, kati ya vistari vitatu vya kufungulia na vitatu vya kufungia, naandika viungo, muda wa kupika na idadi ya walaji. Kisanduku kinavisoma na kuvipanga. Nilipotaka vipimo vya vikombe vikae pembeni ya gramu, nilirekebisha faili hilo moja, nikaijenga tovuti upya, na kurasa zote zikabadilika, kuanzia mahamri hadi pweza wa nazi. Nani angekuwa na subira ya kupitia ukurasa mmoja mmoja? Menyu na sehemu ya chini ya ukurasa ziko kwenye kiolezo kikuu ndani ya _layouts, na kiolezo cha pishi kinakaa ndani ya hicho.

Usiandike jina la kiolezo kwenye kila faili. Liweke mara moja chini ya defaults kwenye _config.yml, faili la mipangilio ya tovuti, basi.

Tovuti ikifika maelfu ya kurasa, Hugo, programu nyingine ya aina hii, huijenga haraka zaidi, hilo halina ubishi. Kusakinisha Ruby, lugha ya programu ambayo Jekyll inaitegemea, kwenye Windows nako kunahitaji utulivu.

Jambo jingine ni saa, na sisi wa Afrika Mashariki linatuhusu sana. Ukiandika 09:00:00 kwenye tarehe ya pishi bila kutaja ukanda wa saa, Jekyll huihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, yaani saa sita mchana kwetu. Ukiijenga tovuti saa tatu asubuhi, pishi halitokei, kwa kuwa linahesabiwa kuwa la baadaye. Malizia tarehe kwa +0300, litatoka papo hapo.