Vibao vya Mkono: Kipi Kinamfaa Mwanafunzi Anayeogopa Kukosea?

Swali linaulizwa, mikono mitatu inapanda, ile ile ya jana. Wengine sabini na kitu wameinamisha vichwa. Viboko vimekatazwa katika shule za Uganda tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016, lakini kicheko cha wenzake na wino mwekundu bado humfunga mtoto mdomo. Kibao cha mkono, kile ambacho kila mwanafunzi huandikia jibu, akakiinua kisha akakifuta, kinalenga hofu hiyo hasa: kosa hukaa sekunde chache, likaondoka. Aina tatu hupatikana bila shida, nazo hazilingani hata kidogo.

Kibao cheupe cha dukani kinavutia, na maandishi yake husomeka vizuri kutoka mbali. Shida ni maka, yaani kalamu yake ya wino unaofutika. Ikiachwa wazi hukauka, na darasa la wanafunzi 80 hula maka nyingi sana. Zihifadhiwe zimelazwa, ukizisimamisha ncha juu, wino hushuka na ncha kubaki kavu. Aliyeandika kwa maka isiyofutika apitishe ile ya ubao mweupe juu ya maandishi yale yale na kufuta papo hapo, kwa kuwa kiyeyushi chake hulainisha wino uliokauka. Shule isiyo na fungu la maka kila muhula isinunue aina hii.

Mfuko angavu wa faili wenye karatasi ngumu ya A4 ndani ndio rahisi kuliko vyote, na karatasi inabadilishwa: leo mstari wa namba, kesho jedwali la ngeli. Chagua wenye uso laini, maana ule wenye vipele hunasa wino. Hata hivyo hung'aa karibu na dirisha, hujikunja, na nao unadai maka.

Chaguo letu ni hadibodi, yaani ubao mwembamba mgumu wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, iliyopakwa rangi ya ubao wa chaki. Hadibodi moja ya futi 4 kwa 8 hutoa vibao 48 vya sentimita 20 kwa 30, na fundi wa mbao wa Ndeeba jijini Kampala au wa mji wowote ataikata. Piga msasa, paka rangi mara mbili, na usisahau kingo: maji yakipenya hapo kibao huvimba na kubanduka. Rangi ikikauka kabisa, sugua uso wote kwa ubavu wa chaki, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Ukiiruka hatua hii, neno la kwanza kuandikwa litabaki kama kivuli. Vumbi la chaki ni kasoro ya kweli. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kilichokamuliwa sana, hulipunguza.

Lakini kibao chochote kitashindwa kikitumiwa ovyo. Wanafunzi wakiinua mmoja mmoja, mwoga husubiri amwone jirani ndipo anakili. Utaratibu unaofaa ni huu: swali, kimya cha sekunde 20, kila mtu aandike kwa herufi kubwa na kulaza kibao kifudifudi, kisha wote wainue kwa neno moja la mwalimu. Asiyejua aruhusiwe kuchora alama ya kuuliza. Mwalimu apitishe macho, achague kosa moja linalojirudia, aliandike kwenye ubao mkubwa bila kutaja jina, na aulize lilitokana na nini.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua Kiswahili cha kidato cha kwanza, somo la lazima katika mtaala uliozinduliwa 2020. Katika maandishi ya Kiganda, r hufuata e na i. Kwingineko ni l. Mwanafunzi anayeandika "habali" na "kirima" hana uzembe; anafuata kanuni ya lugha ya nyumbani kwao barabara kabisa, ila mahali pasipo pake. Akielezwa hivyo mbele ya darasa, wenzake wengi hugundua kwamba nao waliandika vivyo hivyo, na kicheko hukosa pa kuanzia. Kisha lije swali la pili la aina ile ile, papo hapo. Bila jaribio hilo la pili, kufuta ni kuficha kosa tu.

Upungufu mkubwa wa vibao hivi ni kwamba haviachi kumbukumbu, na mzazi akifungua daftari haoni kitu. Dakika tano za mwisho kila mmoja aandike daftarini kosa lake moja, sahihisho lake na sababu yake, bila kupewa alama.

Kwa darasa la 80, kibao kimoja kwa wawili kinatosha, na wanaoogopa sana huandika kwa ujasiri zaidi jibu likiwa la watu wawili. Hadibodi moja basi hutosheleza darasa zima, na vibao vinane vinabaki akiba ya vitakavyovunjika.