Mashine ya kutotolesha mayai ya mjusi chui: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Wauzaji wa mashine za kutotolesha husifia mambo yaleyale: inageuza mayai yenyewe, ina feni, inabeba mayai mengi, imeshapangwa kwenye nyuzi 37.5 kutoka kiwandani. Kwa mfuga kuku hizo ni sifa. Kwa sisi tunaofuga mjusi chui (leopard gecko kwa Kiingereza), kila moja katika hizo ama haina kazi ama inaua.

Yai la mjusi haligeuzwi. Ukilitoa kwenye kiota, chora alama ya penseli upande wa juu, na upande huo ubaki juu mpaka mtoto atoke. Ndani, kiinitete hujishikiza mahali pamoja. Ukilipindua baada ya hapo, mara nyingi umekiua. Feni nayo hukausha, na ganda la mjusi chui ni laini kama ngozi, linakunywa na kupoteza maji kwa urahisi. Idadi ya mayai usiihangaikie kabisa: jike hutaga mawili kwa mara moja. Na 37.5 ni kuyapika.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta mashine huku Ohio, Marekani, swali langu lilikuwa moja tu: inashuka hadi ngapi, na inatulia hapo?

Ile ya plastiki yenye taa ya kukagulia mayai, ambayo imejaa mtandaoni, niliirudisha dukani. Jina sitaji. Kioo chake kilisema 31, kipimajoto changu nilichokilaza pale mayai yanapokaa kilisema 33. Mtu ataniuliza, nyuzi mbili ndiyo nini? Kwa mjusi chui nyuzi mbili ni jinsia. Jinsia yake huamuliwa na joto mapema yai likiwa changa: kwenye 26 hivi karibu wote hutoka majike, kwenye 30 huchanganyika, kwenye 32.5 wengi ni madume, na ukizidi kupanda hadi 34 majike hurudi tena. Madume hayakai kizimba kimoja, yanaumana. Ukipanga upate majike halafu upate nyumba nzima ya madume, andaa vizimba na pesa ya umeme.

Niliyobaki nayo ni Hova-Bator ya zamani, isiyo na feni, ya kampuni ya GQF ya Savannah, Georgia. Niliinunua imeshatumika. Ukiitazama huipi thamani: ni boksi jeupe la povu gumu, waya wa kupasha joto umezunguka kwenye kifuniko, na vidirisha viwili vya kuchungulia. Haina skrini. Joto unaliweka kwa kuzungusha skrubu kidogo kidogo, robo mzunguko, kisha unasubiri saa kadhaa kabla ya kugusa tena. Asiye na subira asiinunue. Lakini uzuri wake ni kwamba hainilazimishi kwenye joto la kuku, inashuka ninapotaka.

Nimeiongezea vitu viwili. Kwanza, thamostati (kidhibiti joto) ya pembeni, ya aina inayopunguza na kuongeza umeme taratibu badala ya kuuwasha na kuuzima ghafla. Sensa yake iko kando ya mayai, si juu karibu na waya. Pili, chupa za maji zilizojaa, nimezilaza kwenye pembe. Maji hushika joto, kwa hiyo nikifungua kifuniko kuchungulia (na nachungulia kuliko inavyofaa) hakuna kinachoshtuka ndani. Umeme ukikatika pia, boksi hilo hupoa polepole. Iwashe tupu siku kadhaa kabla ya kutegemea kupata mayai. Mayai yasiwe ndiyo majaribio.

Ile sehemu ya kutia maji chini naiacha kavu. Unyevu uko kwenye kopo dogo la plastiki lenye kifuniko: vamikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) na maji, uzito sawa kwa uzito, yai limezama nusu. Mara moja kwa wiki nafungua kopo hewa ibadilike. Kwenye 28 nasubiri miezi miwili hivi. Kwenye joto la juu hutoka mapema zaidi.

Mama, yuko Mombasa, kila nikimpigia hunicheka kwamba nimevuka bahari kuja kufuga mijusi kafiri. Namwambia huyu hapandi ukuta, hana vidole vya kunata, tena ana kope na anafumba macho akilala. Hasadiki.

Lakini binamu yangu hukohuko Mombasa sasa anataka kujaribu, na yeye nisingemshauri hii yangu. Mashine za kawaida hupasha tu, hazipozi. Februari, chumba kikiwa 32 mchana, huwezi kupata 28 ndani ya boksi la kupasha, hata liwe la bei gani. Huyo anahitaji ile inayopasha na kupoza pia; kampuni ya Exo Terra wanayo, kifriji kidogo chenye mlango wa mbele, na rafiki yangu hapa hutumia hiyo. Ni ghali zaidi, na umeme ukikatika haina la kufanya. Nikamwonya pia asiende kuokota mayai ya kinyonga shambani: wanyama pori wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2013, na bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ni kesi.

Kwa aliye nchi ya baridi, chukua boksi la povu lisilo na feni pamoja na thamostati nzuri, na ukibanwa na pesa, bana kwenye boksi, usibane kwenye thamostati. Kipimajoto nunua viwili. Weka mashine chumba kisichopigwa na jua la dirishani, juu ya meza ambayo watoto hawaifikii.