Ukinunua upangishaji wa tovuti, uliza kwanza bekapu inalala wapi

Novemba mwaka juzi, wiki ambayo maagizo ya Krismasi huanza kumiminika, mteja wa Eldoret wa duka letu la vikapu la mtandaoni alinipigia simu. "Dada, mbona nikitafuta duka lenu kwenye Google naletewa viatu?" Nilikuwa Dunga, kando ya ziwa hapa Kisumu, nikipokea magugu maji yaliyokaushwa, mikono imejaa vumbi. Nikafungua tovuti kwa simu, nikaona vikapu vyetu mahali pake. Nikamwambia huenda amekosea jina. Jioni, nikiwa nimeketi kwa utulivu, nikatafuta jina la duka kama alivyotafuta yeye. Chini ya jina letu kulikuwa na mistari mitano ya Kijapani na bei za viatu. Nilipobofya nikatupwa kwenye duka nisilolijua.

Udukuzi wa aina hii ni wa kawaida. Mdukuzi hupita kwenye programu-jalizi (programu ndogo ya nyongeza) ya WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, ambayo haijasasishwa, hupanda kurasa zake ndani ya tovuti yako, kisha humwonyesha mwenye tovuti sura ileile ya zamani ili achelewe kugundua. Dawa yake pia ni ya kawaida: unarudisha tovuti jinsi ilivyokuwa kabla ya uvamizi, unaziba tundu, unabadilisha maneno ya siri yote. Sikuogopa. Nilikuwa nimelipia upangishaji, yaani nafasi ya kukodi ambamo tovuti hukaa, wa Sh1,800 kwa mwaka, na tangazo lililonivuta lilisema kwa herufi kubwa: bekapu kila siku, bure. Bekapu ni nakala ya akiba ya tovuti.

Nikaingia kwenye paneli, ukurasa wa kusimamia akaunti ya tovuti. Faili ilikuwepo, imeandikwa "bekapu kamili", tarehe ni ya Jumamosi iliyopita. Nikaipakua. Nilitarajia kusubiri nusu saa kwa intaneti ya pale ofisini. Ilimaliza kabla sijaweka kikombe chini. Ukubwa wake: kilobaiti 22. Nikaifungua na kukuta folda zimepangwa vizuri, ya picha, ya barua pepe, ya hifadhidata (bidhaa, wateja na maagizo), kila moja ina jina lake, na ndani ya kila moja hamna kitu.

Siku tatu baadaye muuzaji alijibu. Akaunti yangu, alisema, ilivuka faili 100,000 mwezi wa Aprili, na kwa masharti yao akaunti ikivuka hapo bekapu husimama. Hakuna aliyeniambia ilipovuka, na paneli iliendelea kutoa faili tupu lenye tarehe mpya kila wiki. Kwa kuwa hatukuwa na nakala safi ya kurudisha, tulipoteza picha za bidhaa za miaka minne na orodha ya wateja walioagiza, pamoja na maagizo kumi na saba ya Krismasi ambayo ilibidi tuyatafute kwenye ujumbe wa M-Pesa, mmoja baada ya mwingine, tukiwapigia watu simu kuuliza walitaka kikapu kipi.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitawachosha na gigabaiti wala ahadi za tovuti kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Karibu kila kampuni inaandika namba zilezile, na cheti cha usalama cha Let's Encrypt ni bure kila mahali. Nimezipima kampuni kwa jambo moja tu: siku mambo yakiharibika, utarudishiwa tovuti yako au hutarudishiwa?

Kuna mambo matatu ambayo wauzaji hawayasemi, na la kwanza ni hilo la idadi ya faili. Usidhani faili 100,000 ni za kampuni kubwa. Ukipakia picha moja, WordPress huitengenezea nakala kadhaa za vipimo tofauti. Picha 3,000 za vikapu zinaweza kuwa faili 20,000 bila wewe kujua. Kila barua pepe unayoiacha kwenye seva, ile kompyuta ya mpangishaji inayobeba tovuti, ni faili. Programu-jalizi za kuharakisha tovuti nazo hutupa maelfu ya vijifaili. Duka dogo la Kibuye lenye miaka mitatu linafika hapo kimyakimya.

La pili ni mahali bekapu inapolala. Ikilala kwenye seva ileile, mdukuzi akiingia anaifuta pamoja na tovuti, na diski ikifa vinakufa vyote viwili. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data (jengo la seva) cha kampuni ya upangishaji ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto. Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia bekapu, lakini bekapu zenyewe zilikuwa zimewekwa katika jengo lilelile lililoungua. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru kampuni hiyo imlipe fidia mteja mmoja kwa sababu hiyohiyo. Kama yanatokea Ulaya, msomaji wangu wa Nakuru mwenye duka la dawa, ambaye muuzaji wake alitoweka na seva na kila kilichokuwa ndani yake, hakuwa mzembe. Hakuwahi kuambiwa aulize.

La tatu ni nani anayeshika ufunguo wa kurudisha. Paneli ya cPanel, ambayo wapangishaji wengi wa hapa kwetu wanaitumia, hukuruhusu kupakua bekapu kamili ya akaunti, ila haikuruhusu kuirudisha mwenyewe. Unaweza kurudisha sehemu sehemu, folda ya faili peke yake na hifadhidata peke yake, lakini ile kamili lazima muuzaji airudishe kwa mkono wake. Ni Ijumaa jioni, ofisi imefungwa, na yeye hashiki simu.

Basi kabla ya kulipa, mtumie muuzaji ujumbe huu kwa WhatsApp, vivyo hivyo ulivyo: "Habari. Bekapu zenu zinakaa kwenye seva hiyohiyo au mahali pengine? Nikifikisha faili ngapi au gigabaiti ngapi mnaacha kuichukulia akaunti yangu bekapu? Naweza kurudisha mwenyewe bila kuwaita, na kuna malipo?" Ukijibiwa "usijali madam, tuko sawa", tafuta mwingine.

Nafasi ya kwanza: SiteGround

Nasema wazi kwamba hawa ndio ninaowapenda na ndiko duka letu liliko sasa. Ni kampuni iliyoanzia Bulgaria mwaka 2004, na seva zake ziko ndani ya mitambo ya Google. Ukijiunga unachagua kituo cha data. Mimi nilichagua Frankfurt, wengine huchukua London. Bekapu huchukuliwa kila siku na kuhifadhiwa siku 30, hata kwa kifurushi cha chini kabisa, na nakala huwekwa mbali na seva inayobeba tovuti. Unaingia kwenye paneli yao, unachagua tarehe, kisha unachagua cha kurudisha: vyote, faili tu, hifadhidata tu, au barua pepe tu. Hakuna malipo na hakuna kumsubiri mtu.

Mwezi wa Februari binti anayenisaidia alifuta kundi zima la bidhaa, mikeka yote ya mlangoni, akidhani anafuta rasimu. Nilirudisha hifadhidata ya usiku uliotangulia tukiwa bado tunazungumza kwenye simu. Alikuwa ameanza kulia. Nikamwambia afungue tena ukurasa, na mikeka ikawa imerudi.

Bei yake inauma. Mwaka wa kwanza ni kama dola 3 au 4 kwa mwezi, zinazolipwa za mwaka mzima kwa mpigo. Mwaka wa pili hupanda mara kadhaa. Panga bajeti kwa bei ya mwaka wa pili, kwa sababu hiyo ndiyo bei ya kweli. Kifurushi cha chini kinabeba tovuti moja na gigabaiti 10. Kama huna kadi ya benki, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, ambayo Safaricom ilianzisha mwaka 2022, inalipa.

Nafasi ya pili: mpangishaji wa Kenya mwenye JetBackup

Wapo wengi: Truehost, HostPinnacle, Kenya Website Experts na wengine. Faida yao naijua vizuri. Unalipa kwa M-Pesa, unazungumza Kiswahili, na wanakusajilia domeni (jina la tovuti) ya .co.ke kwa KENIC, msimamizi wa majina ya .ke, siku hiyohiyo. Kwa shule, zahanati au chama cha kina mama, ni mahali pazuri pa kuanzia, mradi umeuliza yale maswali matatu na ukajibiwa kwa maandishi. Uliza pia kama paneli ina JetBackup. Hiyo ni programu inayoongezwa juu ya cPanel, nayo inaweza kupeleka nakala kwenye hifadhi ya mbali na kukuruhusu kurudisha mwenyewe. Kuna wanaoiweka kwenye vifurushi vya juu pekee, kwa hiyo soma jedwali mpaka mstari wa mwisho.

Na kama unahifadhi majina, namba za simu au rekodi za watu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu wewe, si mpangishaji peke yake. Data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ulipojua. Sheria hiyohiyo inakutaka uwe na uwezo wa kurudisha data kwa wakati ikitokea ajali. Mhasibu wa shule moja ya Kakamega aliniuliza kama "fundi anashughulikia" ni jibu la kutosha mbele ya Kamishna. Halitoshi. Jina lililo kwenye daftari la wazazi ni la shule.

Hapa lazima niseme jambo linalonikera. Mwaka 2023 shilingi ilipokuwa ikiporomoka, barua zilitufikia moja baada ya nyingine: dola imepanda, leseni za paneli tunalipa kwa dola, tunasikitika, bei inaongezeka. Tulielewa. Januari 2024 dola moja ilivuka Sh160, na kila mwenye biashara Oginga Odinga Street aliona kwa macho yake. Kufikia Agosti mwaka huohuo dola ilikuwa imeshuka mpaka karibu Sh129 na ikatulia hapo. Barua ya kupunguza bei sijaipata hata moja. Nilimuuliza muuzaji mmoja kwa heshima, akaniambia gharama nyingine zimepanda. Labda. Lakini mama anayesuka vikapu Dunga hakuongezewa malipo kwa dola iliyopanda, na tovuti za huku kwetu zinazouza vikapu kama vyake bado zinalipiwa kodi ya dola ya Sh160. Ukifika wakati wa kulipia upya, omba punguzo, na utaje tarehe hizo.

Nafasi ya tatu: seva yako mwenyewe

Hetzner ya Ujerumani na DigitalOcean ya Marekani hukodisha seva ndogo kwa dola chache kwa mwezi. Ni za nguvu na ni za haki, lakini kila kitu ni juu yako: masasisho, ukuta wa moto (programu ya kuzuia wavamizi), barua pepe. Bekapu haiji yenyewe, unaiwasha na kuilipia. Hetzner huongeza asilimia 20 ya bei ya seva na kukuwekea nakala saba. DigitalOcean nao hutoza asilimia 20 kwa bekapu ya kila wiki. Angalia tundu lililopo: kwa Hetzner, ukifuta seva, bekapu zake zinafutwa nayo. Kijana wako akikosea kitufe, umerudi pale nilipokuwa mimi Novemba ile. Chukua njia hii kama una fundi unayemwamini na nakala nyingine nje kabisa ya kampuni hiyo.

Vya bei ya chini

Vifurushi vya Sh1,000 na Sh1,500 kwa mwaka sivipendekezi kwa chochote kinachopokea pesa au majina ya watu. Kwa ukurasa wa harusi au mazishi vinatosha, na hata hapo WordPress.com ya bure ni salama zaidi.

Popote utakapopanga, fanya jaribio wiki ya kwanza, wakati bado unaweza kudai pesa zako. Tengeneza ukurasa uuite "jaribio", weka picha moja, subiri siku mbili, ufute, kisha urudishe kutoka kwenye bekapu ya jana. Ukirudi na picha yake, endelea kupakia bidhaa. Usiporudi, dai pesa kesho yake asubuhi.

Weka pia UpdraftPlus, programu-jalizi ya bekapu, kwenye WordPress yako. Toleo la bure hutuma nakala kwenye Google Drive kwa ratiba unayoichagua, na akaunti ya Google ina gigabaiti 15 bila malipo, ingawa barua pepe na picha zako zinakula humohumo. Mimi nimefungua akaunti ya Google ya bekapu peke yake, na neno lake la siri halimo kwenye tovuti wala kwenye simu ya duka. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi naipakua nakala ya mwisho, naifungua, naangalia folda ya picha na ya maagizo kama zina kitu ndani, kisha naiweka kwenye diski ya nje inayokaa nyumbani, droo moja na hati ya shamba. Ya mwezi uliopita ilikuwa gigabaiti 6.2. Ilichukua saa moja na robo kupakua, na nilikaa nayo mpaka mwisho.