Kine (munganga wa misuli na viungo, anatibu kwa mazoezi) wa batoto ba balo (mupira) huku Himbi, namupendekeza sana

Wazazi ba Goma wenye batoto ba kucheza balo, huyu kine wa Himbi anajua kazi. Kijana wangu alikuwa analalamika goti kila akitoka tereni, kuko bantu walisema tumupeleke kwa mukandaji amuvute mufupa, hapana jamani! Kine alifinya chini ya goti, pale kafupa kanatokea mbele, mutoto akaruka, akasema ni Osgood-Schlatter, mufupa bado inakua na musuli ya paja inaivuta, basi apunguze mbio na kuruka, aweke barafu, afanye mazoezi ya paja, na hakutuuzisha dawa hata moja. Tena alikuja kufundisha ekipe yao FIFA 11+ (mazoezi ya kupasha mwili ili mutu asiumie), ile ya miaka 14 kwenda juu, dakika kama 20 mbele ya kuanza mazoezi ya balo: kusimama mguu moja, planki (kujishikilia juu ya viwiko, mwili umenyooka), kuruka na kutua goti isiingie ndani, maana tereni zetu za mawe ya volkano hazihurumii kifundo cha mguu. Ubaya ni kungoja, kachumba kamoja tu, jioni watu wanajaa mpaka inje. Bei ni kwa dola, lakini anakubali mulipe kidogo kidogo, mumuulize.