TAHADHARI: "Sola ya wati 1000, seti kamili". Beba futi ya kupimia kabla hujalipa

Kuna seti zinazotangazwa mitandaoni na kusukumwa na mawinga: paneli ya "wati 300", betri ya "Ah 200" (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba), inveta ya "wati 1000", taa nne za zawadi, na ahadi kwamba TV, friji na pasi vyote vitawaka.

Hiyo 1000 ni ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vyombo vya nyumbani, nayo haizalishi umeme. Umeme wa siku unatoka kwenye paneli, na wizi mkubwa uko hapo. Paneli nzuri ya sasa hutoa wati 200 na kitu kwa mita moja ya mraba. Ukipima "wati 300" ukakuta sentimita 120 kwa 54, hiyo ni mita za mraba 0.65 tu: paneli ya wati 120 hivi, imebandikwa lebo nyingine.

Betri ipime kwa mizani. Ya asidi au jeli, volti 12, Ah 200 ya kweli, ina kilo 55 hadi 60 (lithiamu ni nyepesi zaidi, usiichanganye na hizi). Kijana akiibeba kwa mkono mmoja hadi kwenye bodaboda, hiyo si 200.

Sasa hesabu ya nyumba. Taa 5 za wati 7, TV ya inchi 32 yenye wati 50 na king'amuzi cha wati 15, vyote saa 5, pamoja na simu nne: kama wati-saa (wati mara saa) 560 kwa siku. Asilimia 30 hivi hupotea kwenye joto, vumbi, waya na betri, kwa hiyo paneli izalishe 800. Masika hesabu saa 4 tu za jua kali. Unahitaji wati 200 za kweli. Ile ya 120 itakupa kama 336, na TV itazima kabla ya taarifa ya habari. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo usiku mmoja tu, ukihesabu na upotevu, unataka Ah 110 hadi 120. Friji ndogo peke yake huongeza wati-saa 700 hadi 1000. Pasi sahau: wati 1000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 83, na nyaya za seti hizi zitayeyuka.

Kuna pia kontrola (kifaa cha kusimamia chaji kati ya paneli na betri) ya PWM, aina ya bei nafuu, yenye stika ya MPPT, aina bora inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea. Hata paneli halali ya wati 300, volti 32, ampea 9, ukiifunga humo kwenye betri ya volti 12, utapata ampea zilezile 9 mara volti 13: wati 120 hivi. Pima kwa klampu mita ya DC (kipimo kinachobana waya na kusoma ampea za umeme wa betri na paneli): saa sita mchana betri ikiwa imeshuka, ampea zinazoingia kwenye betri zikilingana na zinazotoka kwenye paneli hiyo, si MPPT.

Risiti iandikwe wati, Ah na aina ya kontrola. Ikiandikwa "seti ya sola 1", ukirudi na waranti huna cha kudai.