Musée Marmottan Monet, Paris: nilienda kwa ajili ya Berthe Morisot

Jina la mchoraji Monet liko mlangoni mwa makumbusho haya, na wageni wengi wakishakata tiketi hushuka moja kwa moja kwenye ukumbi wa chini ya ardhi kuitafuta Impression, soleil levant, picha yake ya 1872 ambayo kundi zima la wachoraji Waimpreshonisti lilipewa jina kutokana nayo. Mimi nilimfuata Berthe Morisot, mwanamke aliyekuwa katika kundi hilo. Kwa anayempenda mchoraji huyu, sijaona pa kupazidi hapa Paris nzima.

Wengi wetu humjua kwa Le Berceau iliyoko Musée d'Orsay, makumbusho mengine ya Paris: dada yake Edma anamtazama mwanawe aliyelala nyuma ya chandarua. Ni picha nzuri mno, ila ni ya 1872, na Morisot aliendelea kuchora hadi alipofariki 1895. Ukiishia Orsay, sehemu kubwa ya safari yake inakupita. Marmottan ndiko inakoonekana. Binti yake, Julie, aliolewa katika ukoo wa Rouart, familia ikazitunza picha zilizobaki nyumbani, na katika miaka ya 1990 urithi wa Denis na Annie Rouart ukaingia kwenye makumbusho haya. Leo ndiyo yenye mkusanyo mkubwa wa kazi zake kuliko yote duniani.

Niliyokaa nayo zaidi ni ile aliyojichora mwenyewe mwaka 1885, akiwa na miaka 44. Ana skafu shingoni, nywele zimeanza kuingia mvi, brashi na paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) mkononi, na anakukazia macho bila kujirembesha hata kidogo. Sogea karibu uitazame paleti: ni mipigo michache tu ya rangi, na pembeni turubai limeachwa tupu. Rudi nyuma hatua mbili tatu, yule mwanamke anasimama mbele yako mzimamzima. Nimeiona picha hii vitabuni mara nyingi, na kitabu hakikuwahi kunionyesha ujasiri wa mkono ule. Alijua mahali pa kuacha.

Kuna pia ile ya 1881 ya mumewe, Eugène Manet, ndugu wa mchoraji Édouard Manet, amekaa bustanini Bougival huku Julie akicheza mbele yake. Baba kukaa na mtoto halikuwa jambo ambalo wachoraji wa zama zile walilishughulikia sana, na yeye amelichora kama jambo la kila siku. Le Cerisier ya 1891 ni kubwa zaidi: binti mmoja juu ya ngazi anachuma cheri, mwenzake chini ameinua kikapu. Angalia majani. Kijani kinateleza kwa mipigo mirefu, hujui tawi linaishia wapi na gauni linaanzia wapi.

Kufika ni rahisi: metro namba 9, shuka La Muette, ukate bustani ya Ranelagh kwa miguu. Metro hiyohiyo, vituo viwili mbele, inakufikisha Trocadéro, palipo makaburi ya Passy alikozikwa Morisot pamoja na Eugène na Édouard. Jiwe lake linamtaja kuwa mjane wa Eugène Manet, na halisemi popote kwamba alikuwa mchoraji. Liliniuma, hasa nikitoka kuziona picha zile muda huohuo.

Ukibaki na nafasi, makumbusho ya Petit Palais nako wana kazi zake, na mkusanyo wao wa kudumu hutazamwa bure. Ila picha husafiri kwenda maonyesho ya nchi nyingine, kwa hiyo kama kuna moja unayoitaka hasa, uliza kwanza kama iko ukutani. Kadi ya Paris Museum Pass, ile ya kuingilia makumbusho mengi ya Paris, haitumiki Marmottan, tiketi yake ununue peke yake. Usipange Jumatatu, maana Marmottan, Orsay na Petit Palais zote hufungwa siku hiyo. Alhamisi ndiyo ningeichagua, kwani Marmottan hubaki wazi hadi saa tatu usiku.